Tembo Akiua Kuna Kifuta Machozi, Panga Likiua Hakuna

Mkulima wa Kaliua akikanyagwa na tembo shambani kwake, ofisa wanyamapori hufika, daktari huandika, mtendaji wa kijiji hugonga mhuri, na siku moja familia huitwa kuchukua kifuta machozi. Fedha ni kidogo na huchelewa, na malalamiko juu yake husikika bungeni karibu kila mwaka. Lakini zipo. Zimeandikwa katika kanuni, na mjane anajua mlango wa kubisha. Kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ziliweka shilingi milioni moja kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na viwango hivyo vikapandishwa baadaye.

Mkulima huyohuyo akiuawa usiku kwa panga, katika kitongoji hichohicho, hakuna kanuni inayomtaja mjane wake. Polisi watakuja, mwili utapelekwa kuchunguzwa, jalada litafunguliwa. Mjane ataulizwa maswali mengi: alilala na nani, aliamka saa ngapi, marehemu aligombana na nani kilabuni. Hakuna atakayemuuliza watoto watakula nini mwezi ujao, kwa kuwa hakuna ofisi iliyopewa kazi ya kuuliza hivyo.

Mzazi aliyefiwa hawezi kuelezwa tofauti hii akaelewa. Tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ni mali ya umma, ndiyo maana serikali inakubali kubeba sehemu ya madhara anayosababisha. Hoja hiyo ni ya haki na haifai kudhoofishwa hata kidogo. Ila uhai wa raia nao umewekwa chini ya ulinzi wa umma: Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kuhifadhiwa maisha yake na jamii, kwa mujibu wa sheria. Ulinzi huo ukishindwa mbele ya tembo, serikali inatoa pole yenye fedha. Ukishindwa mbele ya muuaji wa kukodiwa, pole inaishia mdomoni.

Wala si wanyamapori peke yao. Fundi akianguka kwenye jengo akafa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi una pensheni kwa wategemezi wake. Abiria akifa kwa ajali ya basi barabara ya Nzega, kuna bima ya gari. Vifo vingi vya ghafla vimepewa mahali pa kupeleka madai. Kifo cha kuuawa na binadamu mwenzake, ambacho serikali yenyewe inakiwekea adhabu kubwa kuliko zote, hakina.

Tabora ni mahali pazuri pa kulianzishia jambo hili, kwa sababu za kale na za sasa.

Za kale kwanza. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Kaze, yaani Tabora ya leo, kisha Ujiji ziwani, iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu. Burton na Speke walipofika Kaze Novemba 1857 walikuta mji wa biashara wenye tembe za Waarabu na bustani. Njia nzima ilikuwa na utaratibu mmoja: hongo. Kila mtemi alidai chake, kwa vitambaa, kwa shanga, kwa waya, na msafara ulipotoa hongo ulitarajia kupita salama katika himaya yake. Hongo iliambatana na wajibu. Mtemi aliyepokea na kuacha watu wauawe mlangoni kwake aliharibu jina lake na njia yake pia, maana misafara ilikuwa na uchaguzi wa kupita kwingine. Mirambo alielewa nguvu ya jambo hilo kuliko wote: alipogombana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 na njia ikafungwa, biashara yote ya magharibi ilitikisika hadi Unguja.

Sasa hongo ni kodi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo anakatwa ushuru wa mazao, mama anayeuza asali sokoni analipa ushuru wa soko, na kila anayenunua sukari, sabuni au vocha amechangia hazina. Amelipa. Anachodai anapouliwa ndugu yake si sadaka.

Za sasa ni chungu zaidi. Julai 25, 2017, katika kijiji cha Undomo wilayani Nzega, wanawake watano waliotuhumiwa uchawi waliuawa na kundi la watu. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Tabora wakati huo, Wilbroad Mutafungwa, alitangaza kukamatwa kwa watu 32. Habari ilisambaa duniani. Watu wakajadili imani za kishirikina, wakajadili rambaramba wanaozunguka vijijini kuwataja wachawi kwa malipo, wakajadili Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ambayo bado ipo. Yote yalifaa kujadiliwa. Ila watoto na wajukuu wa wanawake wale watano hawakuingia katika mjadala wowote. Kaya tano katika kijiji kimoja zilipoteza mama au bibi kwa siku moja, mikononi mwa watu wanaochota nao maji kisima kimoja, na sheria ya nchi haikuwa na hata mstari mmoja wa kuwasaidia kupata unga.

Undomo haikuwa ajali ya mara moja. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika ripoti yake ya mwaka 2009, kilitoa hesabu ya wanawake wazee 2,585 waliouawa katika mikoa minane ndani ya miaka mitano tangu 2004. Mwanza ilikuwa na 698, Shinyanga 522, na Tabora 508. Wengi walituhumiwa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Takwimu hizo zina zaidi ya miaka 15 sasa, lakini familia zake zipo hai. Mjukuu aliyekuwa na miaka sita bibi yake alipokatwa mapanga mwaka 2006 leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake, na yote aliyoyakosa tangu siku ile aliyakosa bila mtu wa serikali kuandika jina lake mahali.

Wapo watakaosema kikongwe si mtafutaji, hivyo kifo chake hakiiachi kaya bila kipato. Anayesema hivyo hajaishi Unyamwezini. Bibi ndiye anayelea watoto ambao mama yao yuko Dar es Salaam au Kahama akihangaika, ndiye mlezi wa yatima walioachwa na UKIMWI, ndiye mwenye shamba la karanga na kuku wa kuuza siku ya kununua daftari. Akiondoka, nyumba mbili tatu zinaanguka pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi hawalitaji, na ndilo linaloufanya msaada wa serikali uwe wa lazima. Watanzania wanajua kuzika. Mtu akifa, jirani huleta kuni, mwingine mchele, turubai linafungwa, daftari la rambirambi linafunguliwa, na siku tatu hizo hakuna mfiwa anayelala njaa. Utaratibu huo ndio bima ya mnyonge, na ni wa zamani kuliko mfuko wowote wa serikali. Lakini bibi akiuawa kwa jina la uchawi, bima hiyo hukatika. Majirani wengine wanaogopa kuonekana msibani. Wengine walichanga fedha za rambaramba. Wengine wanaamini kweli kwamba kijiji kimepona. Watoto wa marehemu wanaitwa watoto wa mchawi, shuleni wanakaa peke yao, na mara nyingi kaya nzima inahama usiku ikiacha shamba likiwa na mazao. Ni msiba unaohitaji mkono wa mtu wa mbali, kwa kuwa mikono ya karibu imejificha au imeshika damu. Hapo serikali haina wa kumwachia kazi.

Upo mfano mwingine wa kanda hii. Agosti 2014, wakati mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipokuwa yamerudi, mwanamke mwenye ualbino alivamiwa nyumbani kwake na kukatwa mkono. Mumewe alijaribu kumwokoa, akauawa palepale. Mjane wa mkono mmoja, mwenye jembe la kushikwa kwa mikono miwili. Mwezi huohuo msichana wa Usinge, mkoani Tabora, naye alikatwa mkono. Waliosaidia watu wa namna hii kwa miaka mingi ni mashirika ya hiari na watu wenye moyo, na wanastahili heshima. Serikali iliwahifadhi baadhi ya watoto kwenye shule za bweni, ikiwemo shule ya Furaha hapa Tabora mjini. Lakini msaada wa hisani unampata anayejulikana na wapiga picha. Aliyeuawa mbali na barabara, ambaye habari yake haikufika redioni, familia yake haimjui mfadhili wala mfadhili haijui.

Na si uchawi tu. Kijana wa bodaboda anaitwa usiku na abiria asiyemjua, anakutwa asubuhi kichakani, pikipiki imekwenda. Mara nyingi pikipiki ile ni ya mkataba, na mwenye chombo bado anataka marejesho yake. Mkulima anauawa kwa ugomvi wa mpaka kabla ya kuuza tumbaku, na mkopo wa pembejeo aliouchukua kupitia chama chake cha ushirika (AMCOS) hauzikwi naye. Wafiwa hawa wana matumizi ya papo hapo yasiyosubiri hukumu: gari la kukodi au kirikuu cha kuleta mwili kutoka Hospitali ya Kitete baada ya uchunguzi, sanda au jeneza, nauli za ndugu, kisha safari za kituoni kuulizia upelelezi. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na kutoka Kaliua hadi Tabora mjini ni zaidi ya kilomita 100. Shahidi ana posho yake akiitwa. Mama wa marehemu asiyeitwa kutoa ushahidi, anayetaka tu kumwona aliyemuua mwanawe akijibu mbele ya jaji, anajilipia.

Mshtakiwa wa mauaji, kwa upande wake, anapewa wakili kwa gharama ya serikali. Ni haki, na yeyote anayetaka kuiondoa hajui jinsi watu wasio na hatia wanavyoweza kunyongwa. Akihukumiwa, serikali inamlisha na kumtibu. Nayo ni haki. Hukumu ya kifo ipo kwenye vitabu, lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania, kwa hiyo serikali humtunza mfungwa huyo kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni upande wa pili wa kesi hiyohiyo.

Katiba, kwa kweli, ililigusa jambo hili zamani. Mabadiliko ya mwaka 2000 yaliingiza Ibara ya 107A, na ndani yake mahakama zimeelekezwa kutoa fidia ipasavyo kwa wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge. Sasa itazamwe sheria yenyewe. Kifungu kinachoipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia mwishoni mwa kesi ya jinai, ambacho wanasheria wamekizoea kwa namba 348 katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kimeandikwa kwa ajili ya makosa ambayo adhabu yake si kifo. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kifo. Hivyo aliyeibiwa ng'ombe Igunga anaweza kuondoka mahakamani na amri ya kulipwa, na yatima wa aliyeuawa kwa kukusudia amewekwa nje ya kifungu. Huenda walioandika hivyo enzi hizo walifikiri kwamba maiti haidai na aliyenyongwa halipi. Waliwasahau walio hai.

Ataambiwa yatima afungue kesi ya madai. Ni kweli ipo sheria, Sura ya 310, inayowaruhusu wategemezi kumdai aliyesababisha kifo cha ndugu yao. Lakini amdai nani? Aliyekodiwa kuua ni kijana asiye na kitu zaidi ya baiskeli. Aliyemkodi hajulikani, au anajulikana na hakuna ushahidi. Na katika mauaji mengi hakuna anayekamatwa kabisa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2013 kwamba kati ya mauaji 72 ya watu wenye ualbino yaliyorekodiwa Tanzania tangu mwaka 2000, ni kesi tano tu zilizojulikana kufikia hukumu ya hatia. Familia 67 zilizobaki zingemshtaki nani?

Dunia ilishapita hapa. New Zealand ilitunga sheria ya kuwalipa waathirika wa uhalifu mwaka 1963, Uingereza ikaanza mpango wake 1964, na Japani ikatunga yake mwaka 1980 baada ya bomu lililoua watu mjini Tokyo mwaka 1974. Mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha tamko linalozitaka nchi zijitahidi kutoa msaada wa fedha kwa wategemezi wa aliyeuawa pale ambapo mhalifu hawezi kulipa. Yatasemwa kuwa hizo ni nchi tajiri.

Basi watazamwe majirani. Rwanda, ikiwa imetoka katika mauaji ya kimbari na hazina tupu, ilianzisha mfuko wa manusura wasiojiweza mwaka 1998, uliolipa ada, matibabu na nyumba. Nchini Uganda, Desemba 2024, Mahakama Kuu ilipomaliza kesi ya Thomas Kwoyelo, kamanda wa waasi wa LRA aliyehukumiwa kifungo cha miaka 40, ilikuta mfungwa hana chochote cha kulipa. Ikaiamuru serikali ilipe badala yake, kwa hoja kwamba ukatili ule ulionyesha serikali ilivyoshindwa kuwalinda raia wake. Hoja hiyo inasafiri vizuri sana mpaka Undomo. Kenya ilitunga Sheria ya Kuwalinda Waathirika mwaka 2014 na kutaja mfuko ndani yake, lakini yaliyofuata yanafaa kuwa onyo: Agosti 2025 Rais William Ruto alilazimika kutangaza jopo jipya la kushughulikia fidia za waathirika wa maandamano, na jopo lenyewe likapingwa mahakamani. Sheria isiyotengewa fungu kwenye bajeti inawaacha wafiwa palepale.

Na Tanzania yenyewe imekwisha kuambiwa. Februari 5, 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa mwaka 2018 na mashirika matatu, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kuhusu mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Mahakama ilikuta kwamba nchi ilikiuka haki zao, na miongoni mwa maagizo yake ni kuanzishwa kwa mfuko wa kuwafidia waathirika na kurekebishwa kwa Sheria ya Uchawi. Tanzania ilikuwa imejiondoa mwaka 2019 katika utaratibu wa kuruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo, lakini shauri hili lilikuwa limeshafika. Agizo hilo linabaki. Serikali italazimika kujenga mfuko wenye kanuni, fomu, watumishi na fedha. Ukishajengwa, hakuna sababu ya kumfungia mlango mjukuu wa bibi aliyeuawa Nzega kwa kuwa ngozi ya bibi yake ilikuwa nyeusi, wala mjane wa dereva wa bodaboda. Mfuko uwe mmoja, kwa kila familia ya mtu aliyeuawa kinyume cha sheria.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote halihusu fedha. Linahusu familia zenyewe. Mauaji mengi ya wazee katika kanda hii yamehusishwa na ndugu wa karibu wanaotaka shamba au ng'ombe. Katika mauaji ya mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili wilayani Muleba mwaka 2024, baba mzazi alikuwa miongoni mwa watuhumiwa waliofikishwa mahakamani. Je, serikali itakuja kumlipa muuaji? Swali hili lisipojibiwa vizuri, mfuko utakufa kwa aibu katika mwaka wake wa kwanza, au mbaya zaidi, utampa mtu sababu nyingine ya kumtamani bibi yake afe.

Jibu lipo katika namna ya kulipa. Fungu la kwanza, la mazishi na usafiri, lilipwe moja kwa moja kwa mtoa huduma, kwa ripoti ya polisi na ya daktari, ndani ya siku chache, bila kusubiri mtu akamatwe. Fedha hiyo haimtajirishi yeyote. Fungu la pili, la matunzo, lifuate watoto na wategemezi wenyewe, kwa awamu, chini ya ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na lisimame kwa yeyote ambaye upelelezi umemtaja kuwa mtuhumiwa hadi hapo atakaposafishwa. Kikongwe asiyeacha mtoto anayemtegemea asiwe na fungu la pili la kugombaniwa na watoto wenye ndevu. Kwa utaratibu huo, anayeua kwa tamaa ya mirathi hapati senti, na mtoto aliyekuwa akilala kitanda kimoja na bibi anapata sare na unga.

Suala la nani anapokea lina mtego mwingine. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamnyima mjane mgao katika urithi wa mumewe pale ambapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka jambo hilo mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona kwamba haki zao zimekiukwa. Fedha za wafiwa zikipitia kwa baraza la ukoo, zitaishia kwa shemeji. Lazima kanuni itamke kuwa hizi si mirathi, hazigawanywi na ukoo, na zinaingia kwenye simu ya mama mwenyewe. Teknolojia hiyo si ngeni: TASAF imekuwa ikiwalipa walengwa wa kaya maskini kwa njia ya simu, na ina kamati zake vijijini. Tatizo la TASAF ni kwamba inamtafuta aliyekuwa maskini siku ya kuandikishwa, si aliyefanywa maskini jana usiku.

Madai ya uongo yatakuwepo, kama yalivyo kwa bima na kwa kifuta jasho cha mazao. Lakini kuuawa ni vigumu kughushi kuliko gunia la mahindi lililoliwa na tembo. Kuna mwili, kuna daktari, kuna jalada.

Ya gharama yasemwe kwa hesabu. Kama kila mwanamke kati ya wale 508 wa Tabora angehesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa, kile cha milioni moja kilichowekwa kwa aliyeuawa na mnyama mwaka 2011, mkoa mzima ungehitaji shilingi milioni 508 kwa miaka mitano, yaani kama milioni 102 kwa mwaka. Kwa mikoa yote minane ni bilioni 2.585 kwa miaka hiyo mitano. Septemba 2019 Rais John Magufuli alitangaza kwamba watuhumiwa 467 wa makosa ya uhujumu uchumi walikuwa wameomba kusamehewa na kurejesha shilingi bilioni 107.8. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 40 ya gharama ile. Zipo pia faini zinazotozwa na mahakama kila siku, na mali zinazotaifishwa kwa kuwa zilipatikana kwa uhalifu. Marekani ilipotunga sheria yake ya waathirika wa uhalifu mwaka 1984 ilifanya hivyo hasa: mfuko ukajazwa na faini za wahalifu, si kodi ya raia. Kwa Tanzania asilimia ndogo tu ya faini na mali hizo ingetosha kuanzia. Anayesema nchi haina uwezo aonyeshe hesabu yake.

Itasemwa vilevile kwamba uhai haununuliwi. Hakuna mfiwa aliyewahi kudai kuuziwa. Mama wa Undomo hatafuti bei ya mama yake; anatafuta namna ya kupita mwezi wa kwanza bila kuuza mbuzi wa mwisho na bila kumtoa binti shule akachunge watoto wa watu mjini. Na daftari la serikali likimwandika kama mtu aliyedhulumiwa, kijiji kinachomwita mtoto wa mchawi kinasikia neno jingine kutoka kwa mtendaji, mbele ya watu. Kwa kaya kama hiyo, kutambuliwa huko kuna thamani sawa na unga.

Kazi imebaki bungeni. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mbunge wa kawaida kuleta muswada wa kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina. Jambo hilo lazima litoke serikalini. Lakini hoja binafsi ya kuitaka serikali ilete sheria hiyo haizuiwi na mtu. Hatua ya chini kabisa, ambayo haigharimu hazina hata shilingi, ni kurekebisha kifungu cha fidia katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ili jaji anayemhukumu muuaji mwenye ng'ombe mia aweze kuamuru baadhi yao wapelekwe kwa yatima. Hatua kubwa ni mfuko wenyewe, ukiunganishwa na ule ambao Mahakama ya Arusha imeuagiza.

Wapiga kura wa Nzega, Igunga, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua wana wabunge, na wabunge hao hurudi majimboni kufanya mikutano ya hadhara. Mkutano wa bajeti huanza Aprili, Dodoma. Waulizwe kabla hawajaondoka ni nani kati yao ataipeleka hoja hii, na wakirudi waulizwe imefikia wapi.